Diski zilizojificha nyuma ya kadi: utatuzi wa matatizo ya kukusanya afya ya diski kwenye seva

Fundi anayehudumia seva kati ya Nakuru na Kisumu hakutani na seva za aina moja. Sacco ina Dell iliyonunuliwa mpya, ndani yake PERC, kadi ya Dell ya RAID, yaani inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama kundi moja. Shule ya upili ya karibu ina HP ProLiant ya mtumba iliyotoka Uingereza. Kliniki ya Kakamega ina mashine ya kuungaunga yenye kadi ya RAID ya LSI, na ofisi ya mkandarasi ina kasha dogo lenye diski mbili za NVMe (SSD zinazochomekwa kwenye bodi yenyewe) bila kadi yoyote. Wenyewe wanataka kitu kimoja tu: waambiwe diski inaelekea kufa kabla haijafa. Chombo cha kuanzia ni kilekile kote, `smartctl` ya smartmontools, inayosoma SMART, yaani taarifa za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe. Lakini kila kadi ina mlango wake wa kuifikia diski, na ukibisha mlango usio wake utajibiwa na mtu mwingine.

Malalamiko yanayoletwa ni yaleyale, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili. Kosa linalopiga kelele utalishughulikia tu, hata kama ni kwa shingo upande. Linalonitia hofu ni jibu la kijani linalotolewa na kitu ambacho si diski.

## Kabla ya kugusa chochote

Hakikisha nakala rudufu ya jana ipo, na ufungue faili moja kutoka ndani yake. Kisha jua mambo matatu: kadi ni ipi, diski ni za aina gani kwa jinsi zinavyounganishwa (SATA, SAS au NVMe), na wewe mwenyewe umesimama wapi, kwenye seva halisi au ndani ya mashine pepe (VM).

```
lspci -nn | grep -iE 'raid|sas|sata|non-volatile'
lsblk -d -o NAME,MODEL,SERIAL,TRAN,SIZE
smartctl -V
smartctl --scan-open
```

Safu ya MODEL ndiyo ya kutazamwa kwanza. Ukiona `PERC H730`, `LOGICAL VOLUME`, `QEMU HARDDISK` au `Virtual disk`, hujaiona diski bado. Unaona pazia. Ukiona jina la mtengenezaji wa diski pamoja na namba ndefu ya modeli, kuna uwezekano mkubwa kwamba uko kwenye diski yenyewe.

## Dalili: smartctl inakataa kufungua diski, au inadai `-d`

Huna ruhusa. Hii ndiyo sababu ya mara nyingi kuliko zote, na dawa yake ni `sudo`. Ukiona `Permission denied`, usitafute mchawi.

Diski iko nyuma ya kadi ya RAID. Kwenye Dell utaandikiwa waziwazi:

```
Smartctl open device: /dev/sda failed: DELL or MegaRaid controller,
please try adding '-d megaraid,N'
```

Familia ya kadi za MegaRAID ni kubwa. PERC nyingi za Dell zimo humo, na kadi nyingi zilizo kwenye Lenovo, Fujitsu na Supermicro pia. Amri ni `smartctl -a -d megaraid,N /dev/sda`, na hapo kwenye N ndipo watu wengi wanapokwama. N si namba ya tundu lililo mbele ya seva. Ni namba ambayo kadi yenyewe imeipa diski, inayoonekana kwenye safu ya DID (Device ID) ukitumia vyombo vya watengenezaji wa kadi, `storcli64` au, kwa Dell, `perccli64`:

```
# storcli64 /c0/eall/sall show

EID:Slt  DID  State  DG  Size      Intf  Med
32:0       0  Onln    0  1.090 TB  SAS   HDD
32:1       1  Onln    0  1.090 TB  SAS   HDD
32:2       6  Onln    0  1.090 TB  SAS   HDD
32:3       3  Onln    0  1.090 TB  SAS   HDD
```

Tazama mstari wa tatu. Tundu ni la 2, DID ni 6. Hivi ndivyo inavyokuwa mara nyingi baada ya diski kubadilishwa: mpya inakaa palepale pa ile ya zamani lakini inapewa namba nyingine. Skripti iliyoandikwa siku seva ilipofungwa, inayohesabu 0, 1, 2, 3, itapata kosa kwenye 2 na haitajua kabisa kwamba 6 ipo. Diski mpya itaishi miaka bila kuulizwa hali.

Kama `storcli64` haipo na intaneti ya hapo ni ya kubahatisha, zungukia namba zote:

```
for n in $(seq 0 31); do
  s=$(smartctl -i -d megaraid,$n /dev/sda | grep -i 'serial number')
  [ -n "$s" ] && echo "$n  $s"
done
```

Hiyo `-i` ya `grep` si pambo. Diski ya SATA huandika `Serial Number`, ya SAS huandika `Serial number`. Tofauti ya herufi moja imewahi kuficha nusu ya diski za watu. Na ikiwa kadi haijaunda `/dev/sda` yoyote, jaribu `/dev/bus/0` mahali pake. Amri `smartctl --scan` yenyewe hukuonyesha hivyo.

Kadi ni Smart Array ya HP. Tumia `-d cciss,N`, ukianza na 0, juu ya `/dev/sg0` au `/dev/sda` kwa draiva ya `hpsa`, au `/dev/cciss/c0d0` kwa zile kongwe. Amri `lsscsi -g` itakuonyesha `/dev/sg` ipi ni ya kadi. Kwa upande wao HP wana chombo chao ambacho kimebadilishwa jina mara kadhaa: `hpacucli`, kisha `hpssacli`, sasa `ssacli`. Kwenye seva ya mtumba unaweza kukuta chochote kati ya hivyo vitatu. Hicho huziita diski kwa majina kama `1I:1:3`, yaani mlango, sanduku na tundu, na usidhani N ya `cciss` inafuata mpangilio huohuo. Oanisha kwa namba ya utambulisho ya diski, basi.

Kadi nyingine. Adaptec hufikiwa kwa `-d aacraid,H,L,ID`, 3ware kwa `-d 3ware,N`, Areca kwa `-d areca,N`. Huku kwetu hazikutani na fundi kila siku, na mwongozo wa `man smartctl` unazieleza vizuri.

Kasha la USB. Jaribu `-d sat`. Baadhi ya makasha hayapitishi maswali haya kabisa, na hapo hakuna ujanja ila kuitoa diski na kuiunganisha kwa SATA.

Diski ya mtumba yenye sekta zisizo za kawaida. Hii ni nadra lakini inasumbua kweli. Diski za SAS zilizotolewa kwenye makabati makubwa ya hifadhi huja zikiwa na sekta za baiti 520 badala ya 512. Kadi inaiona, inakataa kuitumia, na muuzaji anaapa kuwa ni nzima. `smartctl -i` itakuonyesha ukubwa huo wa sekta. Kuigeuza ni kazi ya `sg_format --format --size=512`, ambayo hufuta kila kitu na kuchukua saa nyingi; stima ikipotea katikati, utaanza upya. Usiifanye kwenye seva inayotumika.

## Dalili: jibu ni OK, lakini hakuna maelezo

Hii ndiyo dalili ninayotaka uikalie muda, kwa sababu hakuna anayeilalamikia. Inagunduliwa siku diski ya pili inapokufa.

Umeuliza pazia. Baadhi ya kadi hujibu swali la afya kwa niaba ya diski ya kimantiki iliyoundwa na kadi, na utapata `SMART Health Status: OK` bila joto, bila saa za kazi, bila namba ya utambulisho ya diski. Jibu lisilo na namba ya utambulisho ya diski halisi lisihesabiwe kuwa jibu. Iandike skripti yako hivyo: ikikosa namba hiyo, irudishe kosa, isirudishe uzima.

Uko ndani ya mashine pepe. Maneno `device lacks SMART capability` hapa hayana ubaya wowote. Diski ya kubuni haina afya ya kupimwa. Panda hadi kwenye seva mwenyeji. Kwenye ESXi, mfumo wa VMware wa kuendesha mashine pepe, kuna `esxcli storage core device smart get -d` ikifuatwa na jina la diski, ingawa nayo ikiwa nyuma ya kadi ya RAID mara nyingi haikupi la maana, na itabidi usakinishe chombo cha mtengenezaji wa kadi.

Diski ni SAS na skripti yako inazungumza SATA. Huu ni ugonjwa wa dashibodi nyingi. Diski za SATA zina jedwali la vigezo vyenye namba: 5 ni sekta zilizohamishwa, 197 ni sekta zinazosubiri hukumu, 198 ni zile zilizoshindikana kusomwa. Diski za SAS hazina jedwali hilo kabisa. Zenyewe zina `Elements in grown defect list` na jedwali la makosa ya kusoma na kuandika, ambalo safu yake ya mwisho huhesabu makosa yasiyorekebishika. NVMe nazo zina ukurasa wao: `Critical Warning`, `Available Spare`, `Percentage Used`, `Media and Data Integrity Errors`.

Sasa fikiria skripti inayotafuta `Reallocated_Sector_Ct` kwenye diski nane za SAS. Haipati kitu, inarudisha tupu, dashibodi inaisoma tupu kama sifuri, na sifuri inapakwa rangi ya kijani. Meneja wa sacco anaitazama kila asubuhi na kuridhika.

Tiba ni kuacha kuchokonoa maandishi kwa `grep` na kutumia `smartctl -j`, inayotoa JSON, iliyokuja na toleo la 7.0. Humo utakuta `ata_smart_attributes` kwa SATA, `scsi_grown_defect_list` kwa SAS na `nvme_smart_health_information_log` kwa NVMe. Soma aina kwanza, kisha ndipo uchague cha kuchukua. Na kwenye hifadhidata, kitu kisichopatikana kiandikwe hakipatikani. Sifuri iachiwe diski iliyojibu sifuri kwa kinywa chake.

Kwenye MegaRAID, ongeza pia hesabu za kadi yenyewe. `storcli64 /c0/eall/sall show all` hutoa `Media Error Count`, `Other Error Count` na `Predictive Failure Count` kwa kila diski. Kuna wakati diski inasema haina neno ilhali kadi imeshaandika makosa mengi juu yake. Mimi humsadiki anayelalamika.

## Dalili: idadi ya diski haitimii, au diski moja inaonekana mara mbili

Hesabu matundu yenye diski kwa macho, kisha linganisha na mfumo. Pengo likiwepo, mara nyingi ni diski ya akiba: haimo kwenye kundi lolote, basi skripti inayofuata makundi inairuka. Huyu mlinzi wa zamu anahitaji kupimwa sawa na wengine, maana siku atakayoitwa ndiyo siku usiyotaka ashindwe kuamka. Sababu nyingine ni kadi ya pili kwenye seva hiyohiyo, `/c1`, ambayo hakuna aliyeiuliza.

Kuonekana mara mbili hutokea kadi ikiwa imewekwa kupitisha diski bila RAID: ileile inaonekana kama `/dev/sdb` na tena kama `megaraid,4`. Au diski ya SAS ina njia mbili za kebo. Tumia namba ya utambulisho, au WWN (kitambulisho cha kipekee cha diski), kuwa ufunguo wa rekodi. Herufi za `/dev/sd` hubadilika seva ikiwashwa upya, na ukizifanya ufunguo, historia ya diski moja itarithiwa na nyingine.

## Dalili: namba zinatisha

*Kigezo cha 1 (makosa ya kusoma) au cha 7 (makosa ya kutafuta mahali) kina mamilioni.* Kama diski ni Seagate, pumua. Namba hiyo imefungasha hesabu mbili pamoja, makosa na idadi ya shughuli, na ukubwa unaouona ni wa shughuli.

*Kigezo cha 199 kinapanda.* Haya ni makosa ya njiani, kati ya diski na kadi. Anza na kebo, kisha tundu, kisha bodi ya nyuma inayopokea diski. Kubadilisha diski hapa ni kutupa hela. Mpya itaanza kuhesabu vilevile. Hesabu hii hairudi sifuri baada ya matengenezo, hivyo tazama kama imesimama.

*Kigezo cha 197 si sifuri.* Kuna sekta diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri ziandikwe upya ndipo iamue. Ikiwa kundi la RAID ni zima, mwambie kadi ipitie diski zote kwa ukaguzi wake. Itazirekebisha kutoka kwa nakala za wenzake. Kisha `smartctl -t long`, usiku, na usome matokeo kwa `smartctl -l selftest`. Kama 197 imeshuka na 5 imepanda kidogo ikatulia, diski inaweza kuendelea chini ya macho yako. Kama 5 inaongezeka kila wiki, agiza nyingine leo, hasa ukizingatia kwamba ya kwako inaweza kutoka Nairobi na duka la jirani lisiwe na ukubwa huo.

*Inasema PASSED huku 197 na 198 zikiongezeka.* PASSED maana yake ni kwamba vigezo havijafika kizingiti alichokiweka mtengenezaji, na kizingiti hicho kiko mbali sana. Amini mwenendo wa namba. Hata hivyo usiuchukue SMART kuwa nabii: utafiti wa Google uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa na hesabu yoyote kwenye ishara nne zenye nguvu zaidi. Zaidi ya nusu zilikufa bila kuaga. Ndiyo maana nakala rudufu imetajwa juu kabisa.

*NVMe au SSD ina `Percentage Used` ya 100 au zaidi.* Imetumia muda wa kuandikwa uliokadiriwa na mtengenezaji. Haijafa, lakini panga kuibadilisha.

*Saa za kazi zinakaribia 32,768.* Hii inazihusu SSD fulani za SAS za HPE. Novemba 2019 kampuni hiyo ilitangaza kwamba modeli kadhaa zenye programu ya ndani (firmware) ya toleo lililotangulia HPD8 zingezimika moja kwa moja zikifika saa 32,768, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Machi 2020 likaja tangazo jingine, la saa 40,000, kwa modeli nyingine. Kwa kuwa diski zote za seva huwashwa siku moja, zote hufa karibu wakati mmoja, na RAID haisaidii kitu. Ukinunua ProLiant ya mtumba yenye SSD, soma saa zake na toleo la programu yake ya ndani kabla hujaipa kazi.

*Joto.* Chumba cha seva cha Kisumu mchana wa Februari, kiyoyozi kikiwa kimezimwa na umeme uliopungua nguvu, si mahali pa mzaha. Diski nyingi za seva zimeandikiwa mwisho wa nyuzi 60. Za SAS hukuonyesha mwisho wake zenyewe kwenye `Drive Trip Temperature`. Kabla ya kulaumu kiyoyozi, ng'oa kava la mbele. Karibu na ziwa nimekuta matundu ya hewa yamezibwa na wadudu wadogo wa ziwani waliokauka tabakatabaka. Nakuru ni vumbi jeupe. Brashi laini, seva ikiwa imezimwa, na feni ushikilie zisizunguke unapopuliza. Ukiona diski moja tu ina joto kuliko wenzake, tazama kama tundu la jirani lipo wazi bila kifuniko, maana hewa hupitia penye urahisi.

## Dalili: kwa mkono inafanya kazi, kwenye ufuatiliaji haifanyi

Njia (PATH) ya `cron`, inayoendesha amri kwa ratiba, mara nyingi haijui `/usr/sbin`. Andika `/usr/sbin/smartctl` kwa ukamilifu. Mtumiaji wa Zabbix au Telegraf, programu za ufuatiliaji, naye hana ruhusa, basi mpe kwenye `sudoers`, amri hiyo tu na si zaidi. Kwa Zabbix agent 2, nyongeza yake ya SMART inataka `smartctl` 7.1 au jipya zaidi. Seva yenye mfumo wa zamani itashindwa hapo.

Kisha kuna namba ya kutokea (exit status) ya `smartctl`, ambayo watu huisoma kana kwamba sifuri ni nzuri na nyingine zote ni msiba. Ni jumla ya alama nane:

- 1: amri haikueleweka
- 2: diski haikufunguka, au imelala
- 4: swali fulani la SMART lilikataliwa
- 8: diski yenyewe inasema inakufa
- 16: kigezo cha hatari kimefika kizingiti sasa
- 32: kiliwahi kufika zamani
- 64: daftari la makosa lina maandishi
- 128: jaribio la kujipima lilishindwa

Nyuma ya kadi za RAID, 4 hutokea mara nyingi bila ubaya, kwa kuwa kadi haipitishi maswali yote. Na 64 inaweza kuwa kosa la miaka miwili iliyopita. Skripti yenye `set -e` itakufa kwenye diski ya kwanza yenye 64 na kuziacha zinazofuata bila kuulizwa. Pima alama ya 8 peke yake, na ya 16 peke yake.

Muda nao huua. Zabbix kwa kawaida husubiri sekunde 3, na kadi yenye diski ishirini na kitu haiwezi kumaliza kwa muda huo. Kusanya kwa `cron`, andika kwenye faili, kisha ufuatiliaji usome faili. Faili iandikwe kwanza kwa jina la muda ndipo ihamishwe kwa `mv`, la sivyo siku moja itasomwa ikiwa nusu. Hapo kwenye faili ndipo ule ugonjwa wa kijani hurudi kwa mlango wa nyuma: `cron` ikifa, faili ya mwezi uliopita inaendelea kusomwa na kila kitu kinapendeza. Weka tahadhari juu ya umri wa faili. Kwenye node_exporter, mkusanyaji wa takwimu za Prometheus, kuna `node_textfile_mtime_seconds` kwa kazi hiyohiyo.

Jambo dogo linalojaza diski: `storcli64` huacha faili ya kumbukumbu kwenye folda iliyoitwa, kila inapoitwa. Malizia amri kwa neno `nolog`.

## Dalili: seva inakuwa nzito, au diski inaondolewa wakati wa kukusanya

Umeuliza mara nyingi mno. `smartd`, huduma ya smartmontools inayozifuatilia diski, yenyewe kwa kawaida huuliza kila dakika 30, na hiyo inatosha kabisa. Jaribio refu liwe usiku, diski moja baada ya nyingine, kamwe zisiende zote pamoja saa za kuhudumia wanachama.

Kama diski ni za kompyuta ya mezani zilizowekwa kwenye seva kwa sababu ya bei, angalia `smartctl -l scterc`. Diski ya seva ikikwama kwenye sekta mbovu hukata tamaa baada ya sekunde 7 hivi na kuiachia kadi. Ya mezani hung'ang'ana, kadi inadhani imekufa, inaitoa kwenye kundi. Baadhi zinakubali `-l scterc,70,70`, na zinasahau zikizimwa, kwa hiyo amri iwekwe iendeshwe kila seva inapowaka.

Simama hapa ikiwa kadi yenyewe inajiwasha upya kila unapouliza. Zima ukusanyaji, usirudie "kuhakikisha". Kusasisha programu ya ndani ya kadi ni kazi ya mtu aliyewahi kuifanya, akiwa na nakala rudufu na umeme wa uhakika.

## Dalili: baada ya stima kupotea au radi

Kakamega, Kisii na ukanda wote wa ziwa hupigwa radi nyingi, na simu huja siku ya pili: "Fundi, seva imewaka lakini inajikokota, na kuna taa ya rangi ya chungwa."

Kujikokota mara nyingi ni betri ya kadi. Ikifa, kadi huacha kutumia kumbukumbu yake ya kuandikia na kuandika moja kwa moja kwenye diski. Angalia `storcli64 /c0/bbu show`, au `/c0/cv show` kwa zile zenye kapasita. Usilazimishe kadi iandike kwenye kumbukumbu bila betri ili tu kasi irudi. Ukatikaji wa stima unaofuata utaondoka na miamala.

Diski iliyotolewa kwenye kundi baada ya umeme kukatika si lazima iwe imekufa. Soma SMART yake kwa namba ya utambulisho kabla hujaamua. Ikiwa ni safi, shuku tundu, kebo au kifaa cha kugawa umeme.

Simama kabisa, usibonyeze chochote, uite mtaalamu wa kuokoa data ukiona mojawapo ya haya: diski mbili zimetoka kwenye RAID 5 (inayostahimili kupoteza moja tu), kadi inasema imeona usanidi wa kigeni (foreign configuration) na inakuuliza uingize au ufute, diski inagonga au kukwaruza, au kadi inakushauri kuunda upya kundi. Kufuta usanidi huo, kuanzisha kundi upya na kulazimisha diski iliyotoka zamani irudi kazini ni mambo matatu yanayogeuza tatizo la kulipia kuwa hasara isiyolipika. Zima seva kwa utaratibu, andika kila diski ilikuwa tundu gani, na usizichanganye. Harufu ya kuungua ikiwepo, ni kazi ya fundi umeme kwanza.

## Umeamua diski itoke

Usihesabu matundu kwa kidole kutoka kushoto. Seva nyingine huanza chini. Washa taa ya diski yenyewe: `storcli64 /c0/e32/s2 start locate`, au `ssacli ctrl slot=0 pd 1I:1:3 modify led=on`, au `ledctl locate=/dev/sdb` kwa zisizo na kadi. Linganisha namba ya utambulisho iliyo kwenye kibandiko na ile ya skrini mara inapotoka. Ikiwa wenzake katika kundi wana 197 isiyo sifuri, chukua nakala rudufu kwanza, maana ujenzi upya husoma kila sekta yao.

Ndani ya diski iliyotoka bado mna majina na akaunti za wanachama, au mafaili ya wagonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiulizi kama ilikuwa mbovu. Kabla ya kuirudisha kwa muuzaji kwa udhamini, muulize mwenye seva kwa maandishi, na ile isiyofutika itobolewe mbele yake.